Ukurasa wa Sitini na Moja

Jumanne moja ya mwezi wa sita Anyisile aliamka kama kawaida, akafagia uwanja, akaanika kakao mkekani, akachemsha ndizi. Watu wa kitongoji kile, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka Ipinda, wanaikumbuka siku hiyo kwa sababu moja tu. Ndiyo siku mjane wa Hezroni alipowasha tivi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Hezroni alikuwa fundi wa simu na redio. Tarehe ishirini na mbili Aprili, mvua ikinyesha, alivuka Lufilyo kumpelekea mteja redio yake, na mto ukamchukua. Walimtafuta siku tisa, mpaka pale maji yanapoingia ziwani. Hawakumpata. Siku ya kumi ukoo ulikata kigogo cha mgomba, ukakivika shati lake, mchungaji akaomba, wakakizika nyuma ya nyumba. Anyisile alitupa udongo juu ya mgomba, akijua ni mgomba.

Tanga lilipangwa kuondolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule wa sita. Siku hiyo nguo za marehemu zingegawiwa, vifaa vyake vingechukuliwa na wa ukoo, na mashine ya gemu ingekwenda kwa mtoto wa shangazi kule Talatala. Hakuna aliyeona ubaya wa mpango huo. Anyisile pia hakuupinga. Aliondoa kitambaa juu ya mashine, akapangusa vumbi, akawasha.

Gemu lenyewe lilikuwa la Kijapani, la zamani. Hezroni aliliita Nchi ya Ukungu. Wasafiri wanne wanatembea kijiji hadi kijiji, wanaongea na watu, wanapigana na madudu, wanapata nguvu, wanazeeka. Humalizi kwa wiki. Na limejaa siri ambazo akili ya mtu haiwezi kuzifikia. Kuna kisima cha kuzunguka mara saba bila kunywa. Kuna chura wa kupewa chumvi. Kuna mfalme ambaye ukimsalimu mara ya kwanza, binti yake hatakuja kusema nawe tena hadi mwisho. Asiyeambiwa atapita hapo miaka mia, asijue kwamba amepita mlangoni.

Kwa hiyo wachezaji wa gemu la namna hiyo hutegemea vitabu vya mwongozo. Hezroni alivisoma kwenye simu, akavinakili kwa Kiswahili katika kaunta buku, kwa kalamu ya bluu, akitia tarehe kwenye kona ya kila ukurasa kama alivyozoea kuandika simu za wateja. Jumapili baada ya ibada walikaa wawili, yeye na padi ya kuchezea mkononi, mkewe na kaunta buku mapajani. Anyisile alisoma, Hezroni alitenda. Hakupiga hatua kabla hajasomewa.

"Sasa hapo unacheza wewe au anacheza aliyeandika?" Anyisile alimtania.

"Anacheza anayesoma," Hezroni alijibu. "Mimi ni vidole tu, mke wangu. Soma."

Anyisile hakuwahi kushika padi maishani mwake. Jumanne hiyo aliishika. Asubuhi nzima alimgongesha msafiri wake ukutani.

Wifi yake Asifiwe, dada wa marehemu, alimkuta hivyo. Alisimama akiwa na beseni la usipa, dagaa wa ziwani, kichwani, akatazama, akacheka mpaka beseni likatikisika.

"Ugonile, wifi. Makubwa! Wajane wenzako wanashona vitenge, wewe unapigana na mapepo ya Wajapani?"

"Niache, wifi."

"Nikuache na huyo aliyekwama kwenye mti? Mgeuze, jamani, anaumia."

Alicheka naye Anyisile, mara ya kwanza tangu Aprili.

Mzee Andongwisye, baba wa Hezroni na Asifiwe, aliishi hatua sitini kutoka mlango ule. Katika miaka tisa ya ndoa Anyisile hakuwahi kumwona usoni, wala kulitamka jina lake. Mkamwana wa Kinyakyusa humheshimu mkwe hivyo. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Ukoo ule haukulegeza. Mzee akitaka kupita uwanjani alikohoa mara mbili kwa mbali, na Anyisile popote alipo alipiga magoti pembeni, akageuza uso, akavuta kanga hadi machoni, mpaka nyayo zipite. Alimjua mkwe wake kwa kikohozi, kwa miguu na kwa pindo la nguo. Walipendana hivyo hivyo, bila kuonana. Mkungu wa ndizi mbivu uliwekwa kwenye kona ya jiko bila neno. Nguo za mzee zilirudi zimefuliwa na kupigwa pasi, kupitia kwa Asifiwe. Siku walipozika mgomba, mzee alilia akiwa nyuma ya ukuta ili mkamwana asilazimike kujificha.

Wiki mbili zilipita. Anyisile alijifunza. Kila asubuhi alimaliza kazi za nyumbani, kisha akakaa na kaunta buku. Alisoma mstari, akaweka kitabu chini, akatenda, akarudi kwenye mstari. Hakutaka kushinda chochote. Alitaka tu kupita pale ambapo Hezroni alipita, kwa mpangilio ule ule, kabla ya Jumamosi.

Katika sura ya tatu ya gemu, mmoja wa wasafiri anakufa. Ni mvushaji, kijana anayewavusha watu mtoni kwa chelezo. Mto unafurika, yeye anarudi kumchukua abiria wa mwisho, na haonekani tena. Kila anayecheza huona hivyo. Anyisile alifika hapo Jumatatu, siku tano kabla ya tanga. Aliweka padi chini. Alipoweza kusoma tena, alifungua ukurasa uliofuata, wa sitini na moja.

Aliusoma mara tatu. Mwandiko ulikuwa wa mumewe.

*Mvushaji akifa watu wote huendelea na safari. Usiendelee. Rudi nyumba ya kwanza. Nafasi yake usimpe mtu. Kaa kwenye kigoda kinachotazama mlango, saa sita mchana, siku tatu mfululizo. Saa ya ukutani, si ya kwenye gemu. Usizime. Usisevu. Siku ya tatu atakuja mlangoni. Mtazame usoni, mwite jina lake lote. Asipotazamwa hawezi kuingia. Ni mara moja tu. Anyi, tafadhali.*

Katika kurasa sitini za nyuma, jina lake halikuwa limeandikwa hata mara moja.

Jumanne alikwenda Ipinda kwa Shabani, muuza vipuri, ambaye babu yake alitoka pwani na kuweka duka pale. Ndiye aliyemletea Hezroni gemu lile, na ndiye pekee aliyelijua kumzidi.

"Shemeji, karibu kiti," Shabani alisema. "Pole sana. Leo umeleta redio gani?"

"Nimeleta swali. Mvushaji anarudi?"

Shabani alitabasamu kama mtu aliyeulizwa jambo la darasa la kwanza. "Yule? Hana kurudi. Gemu lile nimelimaliza mara nne. Vitabu vyake vyote nimesoma, hata cha Kijapani nilikitafsiri kwa simu. Kuna watu wamelifungua gemu lenyewe, wakalichambua kama saa, wakaona kila siri iliyomo. Mvushaji akifa amekufa, shemeji. Alikudanganya nani?"

Anyisile aliweka kaunta buku juu ya meza na kulifungua. Shabani alisoma akiwa bado anatabasamu. Kisha jicho lake likaenda kwenye kona ya juu, kulipokuwa na tarehe.

Tarehe tisa Mei.

Alirudi ukurasa wa sitini. Tarehe ishirini Aprili. Akafunga kaunta buku taratibu, akalisukuma kuelekea kwa Anyisile kwa ncha ya kidole kimoja.

"Lichome," alinong'ona. "Shemeji, nakuomba kwa Mungu. Lichome."

Anyisile alishukuru, akalifunga ndani ya kanga, akarudi nyumbani. Hakulichoma. Mwanamke aliyezika mgomba hawezi kuambiwa kwamba jambo fulani haliwezekani.

Jumatano, saa sita mchana, alimkalisha msafiri wake kwenye kigoda cha nyumba ya kwanza. Kwenye kioo palikuwa na chumba, kigoda, mlango uliofungwa na mwanga wa jua sakafuni. Alikaa dakika kumi. Hakuna kilichotokea. Muziki wa gemu ulikoma wenyewe, akasikia sauti nyingine kwenye spika, hafifu, kama maji yanayopita chini ya mbao. Aliacha mashine ikiwaka, akaenda kugeuza kakao. Mkeka ulikuwa umelowa upande mmoja. Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu.

Alhamisi alikaa tena. Mlango wa kwenye kioo ulikuwa umefunguka kidogo, upana wa kidole. Maji yalisikika karibu zaidi. Asifiwe aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa na ungo wa mchele.

"Wifi, baba amepita huku?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nimesikia mtu anakohoa hapo nje." Alitazama tivi. Akatazama swichi ya ukutani. Aliweka ungo chini. "Wifi, hii inawakaje?"

"Inawakaje nini?"

"Umeme umekatika tangu saa nne. Kijiji kizima."

Kwenye kioo, jua la sakafuni lilikuwa limesogea hadi kwenye miguu ya kigoda.

"Zima," Asifiwe alisema kwa sauti ya chini.

"Kesho."

"Wifi..."

"Kesho nitazima. Jumamosi wachukue. Nimeomba kesho tu."

Asifiwe alimpenda kaka yake. Aliokota ungo, akaondoka. Majirani walisema baadaye kwamba walimwona akisimama njiani muda mrefu, ungo mkononi, akitazama nyumba ile.

Ijumaa kulikuwa na shughuli nyingi za kesho yake. Asifiwe alikwenda mashineni Ipinda kukoboa mpunga wa wageni. Vijana walikuwa mashambani wakikata kuni. Mzee aliondoka alfajiri, na safari ya mkwe si jambo ambalo mkamwana huulizia. Uwanja ulibaki mtupu. Hata kuku walikuwa wamehama mbele ya nyumba, wamejipanga kwenye ukingo wa migomba, wameelekea mlangoni. Hawakudonoa.

Saa sita kasoro dakika tano Anyisile alikaa kwenye mkeka. Kaunta buku lilikuwa wazi pembeni yake. Mlango wa nyumba, wa kutokea uwanjani, ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, nyuma ya bega lake la kulia.

Saa sita.

Kwenye kioo mlango ulifunguka wote. Hapakuwa na mtu, ni mwanga tu. Kisha kikatokea kisanduku cha kuandikia jina, na chini yake safu za herufi. Kwa padi, herufi huchaguliwa moja moja. Unasogeza, unabonyeza. Unasogeza, unabonyeza.

H.

Ndani ya mwanga kukaanza kuonekana umbo. Mabega. Kichwa kilichoinama.

E.

Mtazame usoni. Alikazia macho kioo. Uso ulikuwa bado giza. Alikuwa tayari. Hangepepesa.

Z.

Nyuma yake, uwanjani, mtu alikohoa mara mbili.

Mwili ulitii kabla ya akili. Ni miaka tisa. Padi ilianguka. Magoti yaligusa sakafu, uso ukageukia ukuta, kanga ikapanda hadi machoni. Kivuli kiliingia kutoka mlangoni, kikapita juu ya mkeka, kikagusa vidole vyake.

Kikasimama.

Alisubiri nyayo zipite. Hazikupita. Chini ya pindo la kanga aliona kizingiti. Aliona miguu peku, tope hadi vifundoni. Aliona pindo la koti refu la kijivu. Maji yalidondoka kutoka kwenye koti. Tone. Tone. Alifikiri: mkwe ametoka mpungani. Alifikiri: maskini, kesho ni tanga, amekuja kumlilia mwanawe. Akainama zaidi, ili asimtie aibu.

Mtu wa mlangoni alikohoa tena. Safari hii taratibu, kwa chini, kama mtu anayeomba.

Anyisile alidhani anaomba njia. Akasogea. Akaupa ukuta uso wote.

Kimya.

Kisha kitu kikakwaruza mbao. Polepole. Kwa muda mrefu. Pumzi ilisikika, moja tu, ya mtu aliyebeba mzigo mzito.

Kivuli kikatoka sakafuni.

Aliendelea kupiga magoti, kwa sababu mkamwana hainuki mpaka mkwe afike mbali. Alipoinuka, alikimbilia tivi. Kisanduku cha jina kilikuwa kimefungwa na herufi zake tatu. Chumba kilikuwepo, kigoda kilikuwepo. Mlango ulikuwa wazi na mwanga ulikuwa mtupu.

Asifiwe alirudi saa saba na gunia la mchele. Alimkuta wifi yake anabonyeza padi, anabonyeza, anabonyeza.

"Nimekosea," Anyisile alisema. "Nilikuwa herufi ya tatu. Mkwe akaja, nikaangusha."

"Mkwe gani?"

"Baba. Alisimama hapo mlangoni."

"Baba yuko Talatala, wifi. Ameondoka alfajiri kuwaalika akina shangazi. Nimempigia simu sasa hivi, anakula kwao."

"Nimeona miguu yake. Nimeona koti lake."

Asifiwe alishusha gunia. Alilishusha taratibu, kama lina mayai.

"Koti lipi?" alinong'ona.

"La kijivu. Refu."

"Wifi." Alitazama kizingiti. "Koti la kijivu la baba, kaka ndiye aliyelivaa siku ile. Mvua ilikuwa inanyesha. Baba mwenyewe ndiye aliyemvika."

Anyisile hakupiga kelele. Asifiwe anasema ingekuwa heri angepiga. Alikaa chini, akavuta kaunta buku, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti, kama Jumapili zile: "Mtazame usoni." Akausoma tena. Kisha akaanza gemu upya, tangu mwanzo kabisa. Alipofika mtoni, pale mvushaji anapoonekana kwanza, chelezo kilikuwepo, kamba ilikuwepo, na abiria walikuwa wamepanga mstari ukingoni. Mvushaji hakuwepo. Hakuna aliyekuwa amekufa. Hakuwahi kuwepo.

Mzee Andongwisye alirudi saa kumi jioni. Asifiwe alimpokea njiani na kumweleza. Mzee alikuja moja kwa moja hadi uwanjani kwa mwanawe, akasahau kukohoa. Anyisile alipoona viatu vyake, alipiga magoti na kugeuka.

"Inuka, mwanangu," mzee alisema.

Hakuinuka. Hakujua namna ya kuinuka mbele yake.

"Nasema inuka. Mila hii ilikuwa ya kukuheshimu, si ya kukuua. Nitazame."

Alimtazama. Alikuwa mzee mwenye uso mwembamba na makovu mawili kwenye paji. Alikuwa na macho ya Hezroni. Miaka tisa macho yale yalikuwa hatua sitini kutoka kwake. Anyisile alianza kulia hapo, na mzee alilia naye, wakitazamana, Asifiwe akiwa katikati hajui amshike nani.

"Alisema nini?" mzee aliuliza baadaye.

"Hakusema kitu, baba. Alikohoa tu."

"Alikaa sana?"

"Sana."

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilimfundisha mimi," alisema. "Nilimwambia, ukifika kwenye mlango wa watu, kohoa. Usiingie kama mwizi."

Tanga liliondolewa Jumamosi kama ilivyopangwa. Watu walikula, wakaomba, wakagawana. Mtoto wa shangazi alikataa mashine bila kuambiwa sababu. Siku hizi Anyisile haogopi kumtazama mtu usoni. Akisikia kikohozi uwanjani, awe mkwe, awe mchungaji, awe mpita njia, anageuka haraka, anainua macho na kumkazia. Wengine humwona hana adabu. Walio jirani wamezoea, na wengi wao hujibu kwa kutaja majina yao kabla hawajaulizwa.

Kuhusu mlango, waliouona ni wengi. Miimo yake ni ya mninga, mbao ngumu ambazo mzee alizichonga mwenyewe wakati wa ndoa. Kwenye mwimo wa kushoto kuna mistari minne iliyochimbika, usawa wa kifua cha mtu mzima. Kwenye mwimo wa kulia kuna mistari minne. Yote imeanzia upande wa ndani na kuishia nje, kama ya mtu aliyekuwa ameshikilia kwa mikono miwili na kitu kikamvuta kwa nyuma. Mzee alileta fundi na randa. Fundi aliranda siku nzima mpaka mbao zikawa laini, wakapaka rangi, Anyisile akafagia sakafu na kufunga.

Asubuhi yake mistari ilikuwepo, yenye kina kuliko mwanzo, na kwenye kizingiti kulikuwa na unga mbichi wa mbao.